Mchawi wa Masaki na bibi yangu wa Bariadi

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimebana, lakini kuna jambo limenikaa kooni siku kadhaa nikaona bora nilitoe hapa.

Limeanza na mwaliko. Rafiki yangu ninayefanya naye kazi alinialika kwenye sherehe ya Halloween huko Masaki, Dar es Salaam. Sharti lilikuwa moja: usije na nguo za kawaida, njoo umetisha. Nikaenda na shuka jeupe maana bajeti yangu iliishia hapo, nikasema mimi ni mzimu. Ndani kulikuwa na maboga yaliyotobolewa macho na mdomo, mishumaa inawaka tumboni mwake, buibui wa plastiki, mifupa ya plastiki, na vijana wa mjini waliojipaka damu ya uongo. Mwenyeji wangu yeye alikuwa mchawi. Kofia ndefu yenye ncha, ufagio mkononi, mgongo umepinda, kitenge begani, na macho ameyapaka rangi nyekundu mpaka kwenye kope. Watu walicheka sana, wakapanga foleni kupiga naye picha. Mwisho wa usiku akapewa zawadi ya vazi bora. Na mimi nilicheka, mpaka alipogeuka nikamwangalia vizuri. Jamani, alikuwa amefanana na bibi yangu.

Bibi mzaa mama anaishi kijijini upande wa Itilima, mwendo wa pikipiki kutoka Bariadi mjini. Mgongo wake umepinda kwa jembe la mkono. Kitenge hakimtoki begani. Na macho yake ni mekundu kweli kweli, tangu mimi nina akili zangu. Nitarudi kwake. Kwanza niwaeleze nilichokikuta baada ya kurudi nyumbani na shuka langu, nikashindwa kulala, nikaanza kusoma.

Halloween ilianza mbali sana na Marekani tunayoiona kwenye filamu. Wakelti wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu waliyoiita Samhain, mwanzoni mwa Novemba. Mavuno yameisha, mifugo imerudishwa kutoka malishoni, giza la majira ya baridi linaingia. Waliamini kwamba usiku ule ukuta kati ya walio hai na wafu unakuwa mwembamba, roho zinapita. Wakawasha mioto mikubwa. Kanisa nalo likaweka Siku ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na kesho yake Siku ya Marehemu Wote. Jina lenyewe Halloween maana yake ni mkesha wa watakatifu, basi. Kwa hiyo Mkatoliki wa Bariadi anayekwenda kuombea marehemu wake tarehe 2 Novemba, na yule kijana wa Masaki aliyejipaka damu, wote wanakula kwenye sinia moja bila kujua.

Yale maboga nayo yana kisa chake. Waairishi hawakuwa na maboga. Walitoboa mzizi fulani wa mviringo, unafanana na kiazi kikubwa, wakaweka kaa la moto ndani ili kufukuza mizimu. Walipohamia Marekani kwa wingi, hasa baada ya njaa kuu ya viazi ya miaka ya 1840, wakakuta maboga ni makubwa na laini kutoboa, wakahamia huko. Na ile tabia ya watoto kupita nyumba hadi nyumba kuomba pipi? Uingereza ya zamani maskini walipita siku ya marehemu wakiomba vimikate, na kila kimikate ulichotoa wao walimwombea maiti wako. Yaani njaa na maombi. Mchawi wa rangi ya kijani mnayemwona kwenye katuni ni mtoto wa juzi tu: kijani kile kilipata umaarufu kwa filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939.

Sasa nikajiuliza, sisi Wasukuma wa Simiyu tungekuwa na Halloween yetu ingefananaje? Nikagundua kumbe tunayo, tena nzuri kuliko ile ya Masaki. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi hadi wa nane, Usukumani ni msimu wa ngoma. Kuna vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Hawa wawili walishindana kwa ngoma na kwa dawa, na mpaka leo wafuasi wao wanashindana hivyo hivyo. Kila upande unacheza uwanja wake kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ukitaka kuvuta watu lazima uwe na vituko. Ndipo wakachonga vinyago na masanamu ya miti yenye viungo vinavyochezeshwa, wakavaa manyoya na ngozi. Kando yao wapo Bayeye, wanaocheza na nyoka na kujua dawa ya kuumwa nyoka, na Banungule, chama cha wawinda nungunungu. Ukipita makumbusho ya Bujora pale Kisesa, njia ya kutoka Mwanza kuja kwetu, yaliyoanzishwa na Padri David Clement miaka ya 1950, utaona mengi ya hayo. Na ukifika mwezi wa sita wakati wa sikukuu ya Bulabo utakuta mtu kajivisha chatu shingoni anacheza mbele ya mapadri. Wazungu wana buibui wa plastiki. Sisi chatu mzima.

Bibi alikuwa na hadithi zake pia. Jioni tukimaliza kula ugali na mlenda alituambia mambo ya fisi. Fisi wengine, alisema, si wa porini. Wana mwenyewe. Usiku mchawi anampanda kama nyinyi mnavyopanda baiskeli, anazunguka vijiji vitatu na kurudi kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo ukimsikia fisi anacheka nyuma ya nyumba usitoke kumpiga, unaweza kukuta amebeba mtu unayemjua! Mzungu kampa mchawi wake ufagio, watu wa sehemu nyingine za nchi wamempa ungo, sisi tumempa fisi. Kwa barabara za vijijini kwetu wakati wa masika, nadhani sisi tulifikiria vizuri zaidi.

Halafu kuna msukule. Hapa naomba mnisikilize kidogo, maana watu wanadhani zombi ni mambo ya filamu. Zombi wa Haiti, kabla ya George Romero kumgeuza mla nyama za watu kwenye filamu yake ya 1968, hakuwa anakula mtu. Alikuwa mtumwa. Ni maiti aliyefufuliwa akalime shamba la mwingine usiku na mchana, hachoki, hasemi. Hofu hiyo ilizaliwa kwenye mashamba ya miwa ya watumwa. Msukule wa Usukumani ni ndugu yake kabisa: mtu "aliyekufa" ambaye mchawi kamficha, hasemi, na usiku anatolewa kulima. Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Pamba ni kazi ya kutesa, palizi haziishi, uvunaji ni kwa mkono tufe kwa tufe. Sasa jirani yako mna eka sawa, mvua ile ile, yeye kapata marobota na wewe umepata vijigunia. Utasema amelala na wewe umelala? Utasema ana watu wanaolima usiku. Ndiyo maana nasema hadithi hizi usizipuuze. Ndani yake kuna hesabu ya jasho, nani analima na nani anakula.

Mpaka hapo ni burudani. Ningeweza kuishia hapa mkacheka, mkaenda zenu.

Lakini bibi yangu haendi kuona mtoto mchanga wa mtu mpaka aitwe, na akiitwa haendi peke yake. Jirani akiuguliwa, anamtuma mjukuu apeleke pole. Hamsifii mtoto wa mtu kuwa amenenepa. Hata mbuzi wa mtu hamsifii. Usiku hatoki nje bila taa, asije akaonekana anatembea gizani. Mimi nilikua nikidhani ni ukali tu wa wazee. Nilikuwa mtu mzima ndipo mama akaniambia habari ya mwaka 1998.

Mwaka ule, kama mnakumbuka, ulikuwa wa El Nino. Mvua ilianza mwisho wa 1997 ikapiga mpaka watu wakaomba ikome. Mashamba yalijaa maji, mahindi yakawa manjano, madaraja yakaondoka. Nilikuwa na miaka mitano, ninachokumbuka ni vyura tu. Katika kijiji cha bibi alifariki mtoto, homa ya siku mbili tatu. Baba wa mtoto akaenda kwa mganga. Mganga akapasua kifaranga, akasoma matumbo kama wanavyofanya waganga wa kwetu, akasema aliyefanya hivi ni mwanamke, mzee, macho mekundu, anakaa upande wa mawio ya jua. Jina hakutaja. Hawatajagi. Hiyo ndiyo inaitwa ramli chonganishi, mganga anachora picha, wewe mwenyewe unajaza jina. Na picha ile kwa kijiji kile ilikuwa ya bibi. Siku chache baadaye mtu akamnong'oneza mjomba, na usiku ule ule mjomba akamtoa bibi kwa baiskeli hadi Bariadi mjini, kwenye tope, akakaa huko karibu mwaka mzima. Nyumba yake ilipigwa panga mlango.

Nani alipiga? Hakuna aliyekamatwa. Kijiji kizima kinajua, akiwemo bibi, na wanasalimiana kila asubuhi. Mwangaluka. Mwangaluka.

Macho mekundu niliyosema. Hebu nielezeni ni uchawi gani. Simiyu ni nchi ya tambarare, miti michache, ng'ombe wengi. Kuni zikiisha watu wanapikia mabua ya mahindi, miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno, na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake ukiwahi kukaa nao jikoni dakika kumi utanielewa. Bibi kakaa nao zaidi ya miaka sitini, kwenye jiko lisilo na dirisha. Pale Magu, jirani na Busega yetu, shirika la wazee liitwalo Maperece pamoja na HelpAge International walipoanza kupambana na mauaji ya vikongwe, moja ya silaha zao ilikuwa kuwajengea bibi majiko yanayopunguza moshi. Sikilizeni tena hapo. Jiko la udongo kama kinga ya kutokatwa panga.

Ukubwa wa jambo lenyewe sasa. Simiyu kama mkoa ilizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya Magu, Mwanza. Kwa hiyo ukisoma historia ya "Shinyanga" na "Mwanza" unatusoma na sisi. Mwaka 1974 serikali ilihamishia watu kwenye vijiji. Msukuma wa zamani alijenga mbali na mwenzake, shamba katikati, na ukimwogopa jirani unahama tu. Operesheni ya vijiji ikawaweka wanaoogopana ukuta kwa ukuta. Watafiti kama Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandika jinsi hilo lilivyochochea mambo. Takwimu alizozitumia zinasema kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, 2,286 kati yao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa Usukumani.

Serikali ilijaribu kwa mabavu. Mwaka 1976 vyombo vya usalama vilifanya msako Mwanza na Shinyanga, watu wengi wakakamatwa, wakateswa, na baadhi ya mahabusu wakafia mikononi mwa waliokuwa wakiwahoji. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo hakuwa amemgusa mtu, hata hivyo Januari 1977 alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya kisiasa. Jina lake Ali Hassan Mwinyi. Ndiyo, Mzee Ruksa huyu huyu, aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985 na kutuaga Februari 2024. Kisa cha kujiuzulu kwake kinasimuliwa kila mara kama mfano wa uwajibikaji, na ni kweli. Ila mara chache sana nasikia mtu akimalizia sentensi: ule msako ulihusu nini, na nani walikuwa wanauawa mpaka ukaanzishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaja Sungusungu, vijana wa upinde na mishale walioanza upande wa Shinyanga kupambana na wezi wa ng'ombe. Wezi waliwakoma. Ila Sungusungu nao waliona mchawi ni mhalifu kama mwizi, wakawafukuza vijijini baadhi ya wanawake waliotuhumiwa. Dawa ya ugonjwa mmoja ikageuka ugonjwa mwingine.

Sasa nifike kwenye kilichoninyima usingizi. Kuna mchumi wa Marekani, Edward Miguel, ambaye mwaka 2005 alichapisha utafiti alioufanya Meatu. Meatu yetu hii, siyo Ulaya. Timu yake ilipita vijiji 67, wakauliza habari za mwaka 1992 hadi 2002: mvua ilikuwaje kila mwaka, nani aliuawa, kwa nini. Wakaweka hesabu pamoja. Miaka ambayo mvua ilikuwa mbaya, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya "wachawi" yalikuwa mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji mengine, ya ugomvi na wizi, hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote ni wanawake, wengi wazee. Na waliowaua, hapa ndipo nilipofunga kompyuta nikazunguka chumba, mara nyingi ni ndugu zao.

Maana yake ni nini? Chakula hakitoshi, na kuna mdomo mmoja ambao haulimi tena. Hakuna atakayesema hivyo, hata moyoni mwake. Anasema mchawi. Na anaamini, hilo msilisahau. Uchunguzi wa taasisi ya Pew ya Marekani uliotolewa mwaka 2010 ulikuta Watanzania 93 kati ya kila 100 wanaamini uchawi upo, kwa hiyo na wewe unayesoma huku umekunja nne ofisini Posta, uwezekano ni mkubwa kwamba umo. Simcheki mtu. Mimi mwenyewe bundi akilia juu ya bati sipendi.

Mwaka 1998 umo katikati ya miaka aliyoipima Miguel. Mwaka wa El Nino. Mwaka wa mjomba na baiskeli.

Baada ya hapo nikarudi kwa yule mchawi wa kofia ya ncha, nikamwona kwa macho mengine. Mnajua katika Ulaya, tangu karne ya 15 hadi ya 18, waliuawa watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa kosa la uchawi, wengi wao wanawake? Na wanahistoria kama Wolfgang Behringer wa Ujerumani wameonyesha kitu kile kile cha Meatu. Ile ilikuwa miaka ya baridi isiyo ya kawaida. Mei 1626 baridi kali iliunguza mizabibu na nafaka katika eneo la Franconia, Ujerumani, na miaka iliyofuata miji ya Bamberg na Würzburg ikachoma mamia ya watu. Salem, Marekani, mwaka 1692 wakanyonga 19. Mtu wa mwisho kuuawa na mahakama ya Ulaya kwa kesi ya namna hiyo anatajwa kuwa Anna Göldi, mtumishi wa nyumbani huko Glarus, Uswisi, aliyekatwa kichwa mwaka 1782. Bunge la Glarus likamsafisha jina mwaka 2008. Walichukua miaka 226.

Kwa hiyo bibi kizee wa Halloween, mgongo umepinda, pua ndefu, paka pembeni maana hana mtu mwingine wa kukaa naye, si kiumbe cha kubuni. Ni bibi wa mtu. Wazungu waliacha kumuua, wakakaa miaka mia na ushee, wakamgeuza kibonzo cha kuuzia pipi. Sisi tumekinunua kibonzo wakati mwenyewe bado yuko hai kijijini kwetu.

Naomba niongeze wazo langu hapa, mtanipinga. Zamani Usukumani mwenye dhamana ya mvua alikuwa ntemi, mtawala. Mvua isiponyesha, watu walikwenda kwake, na ntemi aliyeshindwa aliweza kuondolewa kwenye kiti. Utemi ukafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya Uhuru, na mimi si mtetezi wa watemi. Wala sisemi zamani wachawi hawakuuawa, waliuawa. Lakini fikiria, siku mvua ilipokosa mwenyewe huko juu, lawama ilishuka kwenda wapi? Kwa mbunge? Lawama huwa inatafuta mtu asiyeweza kuirudisha.

Sheria tunayo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya Mwingereza, na hadi leo iko vitabuni. Inakataza kufanya uchawi na inakataza pia kumtuhumu mtu kwa uchawi. Kuna hata kifungu kinachompa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumwamuru mtuhumiwa akaishi mahali pengine. Yaani mjomba na baiskeli yake alitekeleza sheria bila kujua. Lakini sheria inayosema uchawi ni kosa, mwanakijiji anaisikia vipi? Anasikia serikali imethibitisha kwamba upo.

Mauaji yamepungua, tuseme ukweli. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu 765 mwaka 2013, wanawake 505, na taarifa zake za miaka iliyofuata zinaonyesha idadi ikishuka. Waganga wapiga ramli wamekamatwa, wazee wameanza kusikilizwa. Miguel mwenyewe alipendekeza kitu kisicho na maajabu: mpe bibi pensheni ndogo, awe anayeleta chakula nyumbani badala ya kuonekana mzigo. Zanzibar walianza pensheni ya kila mzee wa miaka 70 na kuendelea Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara tuna TASAF, inayoangalia kaya maskini, na ni msaada, ila si kila bibi yumo.

Jambo moja la mwisho sikuwa nimelifikiria kabla. Tarehe 31 Oktoba Masaki ni sherehe. Simiyu ni majuma yale ambayo watu wanaangalia juu. Mashamba yameshasafishwa, mbegu ziko ndani, upandaji wa pamba unasubiri Novemba. Kila wingu linajadiliwa.

Jumapili nilimpigia bibi kwa simu ya mjomba.

"Mwadila, bibi."

"Mwadila, mjukuu wangu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Nikamsimulia sherehe. Nilipofika kwenye maboga akanikatiza. "Mmelitoboa boga zima? Nyama yake mkapeleka wapi?" Nikasema ilitupwa. "Na mbegu?" Zilitupwa. Akaguna, akamgeukia mtu aliyekuwa naye pale, akamwambia kwa Kisukuma kwamba huko Dar watu wanatupa maboga. Nikamwambia kulikuwa na dada alijivisha kama mchawi, mgongo hivi, macho mekundu, kila mtu akimwangalia.

Bibi akanyamaza kidogo.

"Hawakumpiga?"

"Hapana bibi. Walimpa zawadi."

Alicheka kicheko kirefu mpaka akaanza kukohoa, na mjomba akachukua simu kuuliza nimemwambia nini. Aliporudi akaniuliza kama huku imenyesha. Nikamwambia ndiyo, mara mbili wiki hii. Na huko?

"Bado. Mawingu yapo, lakini yanapita tu."